Kukamua Maziwa: Pampu Gani, kwa Saa Ngapi, Katika Chumba Kipi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Kliniki, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, inamwambia amnyonyeshe mwanawe maziwa yake tu, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi 6. Siku 84 ni wiki 12. Miezi 6 ni wiki 26. Tena sheria inaruhusu likizo ianze wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua, kwa hiyo mama aliyeitumia ruhusa hiyo hurudi kazini mtoto akiwa na wiki 8 hivi. Kenya, ambako Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miezi 3, pengo ni lilelile.

Takwimu zinaonyesha wanawake wengi wanajitahidi. Katika tafiti za kitaifa za mwaka 2022, watoto 64 kati ya kila 100 walio chini ya miezi 6 nchini Tanzania walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Kenya walikuwa 60. Lakini kiwango hicho hushuka kadiri mtoto anavyoikaribia miezi 6, yaani katika wiki zilezile ambazo mama mwajiriwa ameshaitwa kazini.

Hapo ndipo pampu ya maziwa inapoingia. Ipo Kariakoo, Dar es Salaam, ipo kwenye maduka ya watoto ya Biashara Street Nairobi, ipo kwenye kurasa za wauzaji wa mitandaoni wanaoleta mzigo kutoka China na Dubai. Na swali analoliuliza karibu kila mzazi mpya ni moja: pampu gani nzuri? Mimi naona swali hilo linakuja mapema mno. Kabla yake kuna mengine mawili: utakuwa mbali na mtoto saa ngapi kwa siku, na huko uliko utapewa dakika ngapi na chumba gani cha kukamulia. Mama akishayajibu hayo, aina ya pampu huwa imeshajichagua yenyewe. Asipoyajibu, atanunua mashine ya bei kubwa na kuiweka kabatini.

Tuanze na titi lenyewe, kwa sababu makosa mengi ya kununua hutokana na kutolielewa. Maziwa hutengenezwa kwa kuagizwa. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yashuke kuelekea kwenye chuchu. Titi likikamuliwa vizuri hujaa tena. Likiachwa limejaa muda mrefu hupokea ujumbe kwamba maziwa hayahitajiki, na uzalishaji hupungua. Ndiyo maana mama anayeshinda kazini saa 9 bila kunyonyesha wala kukamua huona maziwa yakipungua baada ya siku kadhaa, hata kama nyumbani anakula mtori na uji wa pilipili manga kila siku. Chakula kizuri kinamjenga mama. Kinacholiagiza titi ni kutolewa kwa maziwa.

Oksitosini nayo ina tabia ambayo muuza pampu hakuambii. Hutoka kwa wingi mama akiwa ametulia, akimsikia au akimfikiria mtoto wake, na huzuilika akiwa na hofu, aibu au maumivu. Mama anayekamua chooni huku mtu anagonga mlango anaweza kupata matone tu, hata kwa mashine bora kuliko zote. Halafu anasema pampu ni mbovu, au anaamini hana maziwa. Kiasi kinachotoka kwenye pampu hakipimi kiasi kilichomo titini. Mtoto anayenyonya vizuri kwa kawaida hutoa zaidi ya pampu. Hili napenda kulisisitiza, kwa kuwa akina mama wengi wamewaanzishia watoto wao maziwa ya kopo kwa sababu ya kuitazama chupa ya pampu ikiwa na kidogo.

Chombo cha kwanza cha kukamulia ni mkono, na sisemi hivyo kwa kuwahurumia wasio na pesa. Katika siku mbili tatu za mwanzo mkono unaishinda mashine. Maziwa ya siku hizo, yale mazito ya manjano tunayoyaita dang'a, hutoka matone kwa matone. Ukitumia pampu yanaganda kwenye kuta za plastiki na kupotea, ilhali kwa mkono yanaingia moja kwa moja kwenye kijiko au kikombe kidogo. Kwa mtoto njiti aliyelazwa wodini, asiyeweza bado kunyonya, matone hayo yana thamani ya dawa, na mama wake anatakiwa aanze kukamua mapema, ikiwezekana ndani ya saa za mwanzo baada ya kujifungua, kisha arudie mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo.

Namna ya kukamua inafundishika kwa muda mfupi. Nawa mikono. Kaa vizuri, kanda titi taratibu kwa vidole kutoka juu kuja kwenye chuchu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma ya ile duara nyeusi, si kwenye chuchu yenyewe. Sukuma vidole kuelekea kifuani, kisha vikutanishe na kuachia. Sukuma, kutanisha, achia. Usiteleze vidole juu ya ngozi na usiivute chuchu, kwani kuivuta hakutoi maziwa ila kunaumiza. Mwanzoni hakuna kitu, kisha matone, kisha michirizi. Michirizi ikipungua hamia titi la pili, halafu rudi la kwanza. Yote huchukua dakika 20 hadi 30. Kila mzazi angepaswa kutoka hospitali akiwa amefundishwa hili, hata yule mwenye mashine mbili nyumbani, maana umeme hukatika na mashine husahaulika.

Baada ya mkono huja pampu ya mkono, na hapa pana aina moja ninayoikataa bila kusita: ile yenye kipira cha mviringo unachokiminya, kama honi ya baiskeli. Ni rahisi kuliko zote na bado inauzwa. Maziwa huingia ndani ya kipira, na ndani ya kipira hakuoshiki. Mvuto wake hauna kipimo, hivyo huweza kuchubua chuchu. Haifai hata ukipewa bure. Pampu ya mkono inayofaa ni yenye mpini wa kuminya, inayofunguka vipande vyote na kuoshwa, na ambayo mama mwenyewe anaongoza kasi na nguvu ya mvuto. Haitaki umeme wala kelele. Kwa mama anayetoka mara mojamoja, mwenye duka lililo karibu na nyumbani, au anayetaka kupunguza titi lililojaa mno, hiyo inatosha kabisa, na ningemshauri asitumie shilingi zaidi ya hapo.

Pampu ya umeme ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1920 Edward Lasker, mhandisi na mchezaji mashuhuri wa sataranji, alibuni pampu ya umeme huko Marekani. Mwaka 1956 Einar Egnell, mhandisi wa Uswidi, alitoa pampu iliyoitwa kwa jina la muuguzi aliyemsaidia, Maja Kindberg. Kazi kubwa ya Egnell ilikuwa kutafuta mvuto unaotoa maziwa bila kujeruhi, na kuufanya uje na kuachia badala ya kuvuta mfululizo. Pampu za leo, za bei ndogo na kubwa, zinaendeleza wazo hilo. Zile nzuri huanza kwa mivuto mifupi ya haraka ili kuyashusha maziwa, kisha huhamia mivuto mirefu ya polepole, kwa sababu mtoto naye hunyonya hivyo. Nyingi zina mvuto wa juu wa takriban milimita 250 za zebaki, na huko juu si mahali pa kukaa. Mvuto sahihi ni ule wa nguvu zaidi ambao bado hauumi. Mama anayeuma meno akikamua anajizuilia oksitosini yake mwenyewe.

Sasa hesabu iliyo muhimu kuliko jina la kampuni. Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 anayenyonya tu hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa saa 24, na kiasi hicho hakipandi sana katika miezi hiyo. Ni kama mililita 30 kwa kila saa. Mama wa Dar es Salaam anayetoka Mbagala saa 12 asubuhi kwenda Posta na kurudi saa 11 jioni anakuwa mbali saa 11: anahitaji kuacha nyumbani mililita 330 hivi, na ili titi lisipoteze agizo lake anahitaji kukamua mara 3 akiwa kazini. Kwa pampu ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja, kila mara huchukua dakika 15 hadi 20, tuseme saa 1 kwa siku, ukiongeza kuosha. Kwa pampu ya mkono, au ya umeme ya titi moja, kila mara huchukua dakika 30 au zaidi, na hapo saa 2 zinakaribia kwisha. Kifungu cha 33 cha sheria ya Tanzania kinampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Ndiyo kusema mwenye kazi ya kutwa ana sababu ya kweli ya kununua pampu ya umeme ya matiti mawili, yenye betri ya kuchaji, na anayefanya kazi nusu siku hana sababu hiyo.

Hizi pampu ndogo zinazovaliwa ndani ya sidiria, zisizo na mrija wala waya, zimeshika soko. Zinampa mama mikono huru, na kwa muuguzi au mwalimu hilo si jambo dogo. Lakini nyingi zina mota dhaifu, ni ngumu kuziweka sawasawa kwenye chuchu usiyoiona, na zina vipande vingi vya kuosha. Nisingeshauri iwe pampu pekee ya mama ambaye maziwa yake bado hayajatulia.

Jambo linaloharibu kazi ya pampu nzuri mara nyingi ni faneli, ile sehemu inayokaa juu ya titi. Nyingi huja dukani na kipimo cha milimita 24 au 28, na muuzaji hakuulizi. Pima upana wa chuchu yenyewe kwa rula, usihesabu ile duara nyeusi, kisha chukua faneli inayolingana nayo au inayoizidi kwa milimita 1 hadi 3. Ikiwa ndogo, chuchu inasuguliwa. Ikiwa kubwa, sehemu ya titi inavutwa ndani na maziwa hayatoki. La pili ni vali, kale kampira kadogo kenye mdomo kama wa bata. Kakipasuka au kakilegea mvuto hupungua, na mama hudhani maziwa yamekauka. Kabla hujanunua pampu ya jina usilolijua, uliza kama vali na faneli zake zinapatikana. Kama hazipatikani, umenunua kitu cha miezi michache.

Na mitumba je? Dada au shoga akikupa pampu yake, ni wema mkubwa, ila itazame kwanza. Kuna pampu ambazo njia ya hewa imetengwa na njia ya maziwa kwa kizuizi. Hizo, ukibadilisha faneli, vali, mirija na chupa, zinaweza kuhamia kwa mwingine iwapo mtengenezaji ameruhusu. Zile ambazo maziwa yanaweza kupanda kwenye mrija hadi kwenye mota hazioshiki ndani, na si za kushirikiana hata kwa ndugu wa tumbo moja. Kwa utaratibu huohuo, maziwa ya mwanamke mwingine yasipewe mtoto kienyeji bila vipimo. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ina benki ya maziwa ya mama iliyoanza mwaka 2019, ambako wanaochangia hupimwa na maziwa hupashwa kwa joto maalumu bila kuchemshwa. Na kwa Waislamu kuna suala la ziada, kwamba kunyonyeshwa hujenga undugu unaozuia ndoa, hivyo familia inahitaji kujua maziwa yametoka kwa nani.

Usafi. Mwaka 2016 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto njiti aliugua vibaya kwa bakteria aitwaye Cronobacter, na uchunguzi ukamkuta bakteria huyo kwenye pampu ya mama yake. Vipande vilikuwa vikilowekwa kwa saa nyingi kwenye maji ya sabuni badala ya kuoshwa kila baada ya matumizi. Kwa hiyo tenga beseni na brashi ya pampu peke yake, fungua vipande vyote, osha kwa maji ya moto na sabuni kila ukimaliza, anika kwenye kitambaa safi vikauke vyenyewe. Mara moja kwa siku vichemshe kwa dakika 5, hasa mtoto akiwa hajatimiza miezi 2 au alizaliwa njiti.

Kuhifadhi kunatisha watu kuliko inavyostahili. Miongozo ya Marekani husema maziwa yakae nje saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25. Dar es Salaam na Mombasa mwezi Januari mchana hupita nyuzi 30, kwa hiyo hesabu saa 3, na ukiweza yaweke kwenye baridi mara moja. Kwenye friji hukaa siku 4, nyuma ndani kabisa, si mlangoni. Kwenye friza lenye mlango wake hukaa miezi 6. Kwenye kile kichumba cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja, usivuke wiki 2. Ofisi isiyo na friji haikuzuii: deli dogo, au mfuko wa kuhifadhi baridi wenye vipakiti vya maji yaliyogandishwa, hutunza maziwa mpaka ufike nyumbani. Yaliyoyeyuka yatumike ndani ya saa 24 yakiwa kwenye friji, yasigandishwe tena. Umeme ukikatika na ukarudi, kama bado yana barafu ndani yanaweza kugandishwa tena. Kama yamekuwa maji, yahesabu kuwa yameyeyuka. Gandisha kwa vipimo vidogo vya mililita 60 hadi 100, uandike tarehe. Mtu yeyote aliyewahi kumwaga chupa nzima kwa sababu mtoto alikunywa robo anajua kwa nini.

Anayebaki na mtoto, awe bibi au dada wa kazi, ndiye atakayeamua kama jitihada zote hizi zitafika mdomoni. Mwonyeshe kwamba maziwa yaliyolala kwenye friji hujitenga, mafuta yakapanda juu, na kwamba hayajaharibika. Ayazungushe taratibu yachanganyike. Ayapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, asiyachemshe jikoni wala kwenye maikrowevu. Amnyweshe kwa kikombe kidogo, polepole, mtoto akiwa ameketishwa. Kikombe huoshwa kirahisi kuliko chupa na hakimfundishi mtoto kuikataa chuchu. Wapo wakwe na mama zetu wanaoamini kwamba maziwa ya mama aliyeshinda juani yameshachacha titini, au kwamba maziwa yaliyotoka nje ya mwili yanaweza kuchezewa na wabaya. Usiwabeze. Waketishe, wakamulie mbele yao, wakuone unavyofunika na kuweka kwenye baridi. Bibi aliyeridhika ni mlinzi bora wa maziwa kuliko friji.

Turudi kwenye saa na chumba, maana hapo ndipo pampu hushindwa. Kenya imeandika wazi zaidi: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, kifaa cha baridi, umeme wa kuchomekea pampu, meza ndogo na kiti kizuri. Bado mwezi Agosti 2019, katika wiki yenyewe ya unyonyeshaji duniani, Mbunge Zuleikha Hassan wa Kwale alitolewa nje ya Bunge la Taifa kwa kuingia na mwanawe wa miezi 5. Kama mbunge alikosa pa kumweka mtoto, karani wa Industrial Area, Nairobi, atapata wapi? Sheria ya Tanzania inatoa saa 2 nzuri sana, lakini kifungu chenyewe hakitaji chumba, na kinazungumzia kumnyonyesha mtoto. Mwajiri mgumu anaweza kusema kukamua si kunyonyesha. Wabunge wetu waongeze maneno mawili matatu: kukamua, na mahali safi penye faragha ambapo si choo.

Na mwanamke asiye na mkataba hayumo hata kwenye mjadala huu. Mama lishe hukamua nyuma ya banda, au hambebi mtoto na hakamui kabisa. Dada wa kazi anayemnywesha mtoto wako maziwa uliyoyakamua kwa pampu ya umeme anaweza kuwa amemwacha mwanawe kijijini akiwa na miezi 4. Naye ni mwajiriwa, na mwajiri wake ni mama huyuhuyu anayedai haki ofisini.

Kwa mama aliye likizo sasa, ushauri wangu ni huu. Usikamue akiba kubwa kuanzia wiki ya kwanza. Utajaza matiti kupita mahitaji na kukaribisha uvimbe na homa. Ngoja mtoto ajue kunyonya vizuri, kisha wiki 2 kabla ya kurudi kazini anza kukamua mara moja kila asubuhi, baada ya mtoto kunyonya, mradi upate akiba ya siku mbili tatu. Na wiki hizohizo, kabla ya kwenda Kariakoo, mwandikie mwajiri barua: taja kifungu cha 33, omba saa zako 2, omba mlango unaofungika. Nunua pampu ukishapata jibu.